Vazi la Askari wa Mpakani

Mtu asimamapo Mamba, katika milima ya Upare wa Kusini, siku ambayo ukungu wa Shengena umeinuka, akaelekeza uso wake mashariki, huona chini yake uwanda mpana, mkavu, wenye rangi ya majani yaliyoungua, uendao mpaka macho yashindwe. Katika uwanda huo wapita mstari ambao haukuchorwa na mto wala na jabali. Ni mpaka uliopatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886: waanza pwani karibu na mlango wa mto Umba, wapita kaskazini ya Usambara na Upare hata ziwa Jipe, wauzunguka mlima Kilimanjaro, kisha wanyoka kuelekea ziwa Nyanza. Leo sehemu kubwa ya uwanda ule ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopewa cheo hicho mwaka 2008, na askari waonekanao humo ni walinzi wa wanyama. Mamba yenyewe yasifiwa kwa tangawizi yake. Ni vigumu kwa mgeni kuamini kwamba mpaka huu mtulivu ulipata kulindwa kwa mahandaki, seng'enge na mizinga kwa muda wa miezi kumi na tisa.

Habari yenyewe yajulikana, wala haina haja ya kurefushwa. Katikati ya Agosti 1914 askari wa Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Wakakaa katika ardhi ya Waingereza hata Machi 1916, wakajijengea ngome katika kilima cha Salaita, na vikosi vyao vidogo vikawa vikikata nyika isiyo na maji kwenda kuivunja reli ya Uganda kwa baruti. Waingereza nao wakaleta reli yao kutoka Voi, kupitia Maktau, hata Mbuyuni. Tarehe 12 Februari 1916 Wazungu wa Afrika Kusini waliishambulia Salaita wakarudishwa nyuma, na walioizuia aibu hiyo isizidi ni Wabaluchi wa jeshi la Uhindi, watu ambao Wazungu wale walikuwa wamewadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliizunguka ngome, pakapiganwa Latema na Reata, Moshi ikatwaliwa. Masika yalipokwisha, Mei 1916, majeshi yakashuka kwa kufuata mto Pangani na reli ya Tanga, na kikosi kidogo cha King's African Rifles, yaani KAR, kikakata uwanda kutoka Mbuyuni hata pengo la Ngulu katika milima ya Upare. Vita vikapita chini ya milima, vikaenda zake kusini.

Yaliyobaki ni maandishi na masanamu, na juu ya hayo ndipo penye neno la kusema. Anayesoma vitabu vilivyotungwa juu ya vita vile, akayatazama na masanamu yaliyosimamishwa kwa ajili yake, atagundua kwamba karibu wote waliotunga na waliochonga walitazama kwanza vazi. Waliona kofia, vifungo, mikanda, na vitambaa vilivyozungushwa miguuni. Vazi likawa ndilo mtu. Aliyelivaa akapata nafasi katika kitabu, ijapokuwa jina lake halikuandikwa. Asiyekuwa nalo hakuonekana kabisa. Na wasiokuwa nalo ndio waliokuwa wengi.

Tulitazame vazi lenyewe basi, kwa kuwa mhakiki asiyelijua atasema ovyo. Wajerumani walikuwa na vikosi kumi na vinne vya askari walipoanza vita, watu wapatao 2,500. Askari wao alivaa kaki, na kichwani tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, yenye alama ya tai mbele na kipande cha kitambaa cha kukinga shingo nyuma. Askari wa KAR naye alivaa kaki, na kofia yake ndefu isiyo na ukingo nayo ilifunikwa na kukingiwa shingo vivyo hivyo. Kwa desturi yule wa Mjerumani alipewa viatu, na huyu wa Mwingereza alikwenda miguu mitupu. Kwa mbali, katika vumbi la Taveta, tofauti hizi zilikuwa ndogo mno. Na kaki yenyewe ni neno la Kihindi lenye maana ya rangi ya vumbi. Zaidi ya hayo, pande zote mbili zilikuwamo sauti za Kiswahili. Mara nyingi mtu aliyelenga bunduki na mtu aliyelengwa waliweza kusalimiana bila mkalimani.

Jambo hili, la watu wa lugha moja waliotenganishwa kwa umbo la kofia, ndilo ambalo mtu angetazamia litawashika watungaji. Halikuwashika sana.

Kitabu cha kwanza cha kupimwa ni kumbukumbu za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, zilizotoka mwaka 1920. Ni kitabu cha mshindani hodari, kimeandikwa kwa lugha kavu, na chafaa kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa na sifa ya kuilinda. Lakini mna ndani yake kurasa chache ambazo thamani yake yazidi ile ya masimulizi yote ya mapigano. Ni pale aelezapo jinsi koloni lililozingirwa na manowari za Waingereza lilivyojivika. Nguo kutoka Ulaya zilikoma, isipokuwa shehena za meli moja moja zilizopenya, kama ile iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Ikabidi pamba ya nchi isokotwe na kufumwa katika misheni na majumbani. Kisha kitambaa kikatiwa rangi, na rangi iliyofaa kuliko zote, asema, ilitoka katika mzizi wa mti uitwao ndaa, ikawa ya hudhurungi ya manjano isiyoonekana upesi katika majani na vichaka.

Hapa msomaji apaswa kutulia. Sare ile, iliyodhaniwa kuwa alama ya dola la mbali, sasa ni pamba iliyolimwa hapa, imesokotwa na mikono ya hapa, na kutiwa rangi kwa mzizi ambao waganga na wafumaji wa nchi waliujua kabla ya Mjerumani kuzaliwa. Kofia ina tai wa Berlin, na kanzu fupi iliyo chini yake ina rangi ya ndaa. Mtungaji mwenye jicho angeliishika picha hii asiiachilie. Jenerali aliipa sentensi chache, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la ghala, akarudi kwenye maneva yake. Hapana lawama kubwa katika hilo. Jemadari huandika kama jemadari. Lawama ni ya waliomfuata, ambao walimnakili katika habari za ushujaa na wakaupita mzizi wa ndaa kama kwamba haukuandikwa.

Masanamu yana hadithi yake. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Dar es Salaam Hermann von Wissmann, mshindi wa vita vya pwani vya 1888 na 1889. Yeye alikuwa juu. Chini yake, penye ngazi za msingi, alikuwako askari Mwafrika, akiinua macho kwa bwana wake na kumfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Waingereza walipoutwaa mji waliliondoa sanamu hilo. Likapelekwa Uingereza, kisha Hamburg, likawekwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na hapo ndipo wanafunzi walipolivuta kwa kamba likaanguka, mara ya kwanza mwaka 1967, na mara ya mwisho mwaka 1968. Mahali palipobaki wazi Dar es Salaam, mwaka 1927, aliwekwa askari mwingine, wa shaba, aliye peke yake, ameinama mbele na bunduki yenye singe mkononi. Huyu ndiye ambaye mji mzima wamwita Askari hata leo.

Ukiyalinganisha masanamu haya mawili, waweza kusema kwamba askari amepanda daraja: alikuwa miguuni pa bwana, sasa yu juu ya msingi. Ndivyo wasemavyo wengi, na si uongo. Lakini tazama alichopanda nacho. Wissmann alikuwa na sura yake na jina lake. Askari wa shaba ana sare, tena imechongwa kwa uangalifu mkubwa, kila mkunjo wa kitambaa na kila mfuko wa risasi. Jina hana. Maandishi ya chini, katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yawataja askari pamoja na wapagazi, na kuwasifu wapagazi kwa kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi. Sifa ni njema, walakini kiungo ni kitu kisicho na kichwa. Aliyekifikiri kichwa cha mpagazi kuwa cha kubebea hakuona ajabu kukisahau katika sifa.

Nairobi walifanya vizuri kidogo. Sanamu la mwaka 1928, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, lina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hana silaha. Ni yeye pekee kati ya watatu ambaye mpita njia hulazimika kuuliza ni nani, kwa sababu wenziwe wamekwisha kutambulishwa na wanachovaa na wanachoshika. Kwa hiyo, bila ya kukusudia labda, mchonga sanamu amefanya kazi ya mhakiki: ameonyesha kwamba macho yetu yamezoea kumsoma mtu kwa vazi lake, na vazi likikosekana hayajui pa kuanzia.

Katika riwaya, nchi ya mpakani imepata waandishi zaidi ya mmoja. William Boyd, katika An Ice-Cream War ya mwaka 1982, aliweka shamba la Mmarekani mmoja na la jirani yake Mjerumani pande mbili za mpaka, karibu na Taveta, na mgogoro wao ukawa juu ya mashine ya kuchambulia mkonge. Ni kitabu cha kuchekesha, na kicheko chake ni cha haki: chawacheka Wazungu waliovaa uzito mwingi kwa ajili ya mambo madogo. Sare za maafisa humo ni kichekesho, hazikai vizuri, zatoa jasho. Lakini askari Waafrika ni kama majani yaliyochorwa kwenye pazia la mchezo. Wapita, wapiga bunduki, waanguka. Mwandishi aliyejua kuicheka sare ya Mwingereza hakuona kitu cha kucheka wala cha kulia katika sare ya Mnyamwezi.

M. G. Vassanji alikwenda karibu zaidi. The Book of Secrets, kilichotoka mwaka 1994, chaanza na shajara ya mtawala kijana wa Kiingereza, Alfred Corbin, katika mji wa kubuni uitwao Kikono, penye mpaka huo huo. Mtu wa kumkumbuka humo ni Pipa, mfanyabiashara ambaye vita vyamnasa kati ya serikali mbili, kila moja ikimtaka awe macho na masikio yake. Hana sare, na kwa kuwa hana sare hana wa kumtetea. Akishikwa na huyu ni mpelelezi wa yule. Vassanji ameelewa kwamba mpakani vazi ni kinga kabla ya kuwa fahari. Askari akitekwa huwa mateka. Raia akishikwa huweza kunyongwa. Hili ni jambo kubwa, na lasemwa bila kelele. Upungufu wa kitabu ni kwamba mtazamo wake wakaa dukani. Milima iliyo upande wa pili wa uwanda, yaani Upare wenyewe, haina watu ndani yake. Na hii si hatia, kwa kuwa kila mwandishi huandika kutoka mlangoni pake. Ila msomaji wa Mamba ana haki ya kuona kwamba katika vitabu vyote hivi mlima wake hutazamwa, na wenyewe hautazami.

Aliyefika mbali kuliko wote ni Abdulrazak Gurnah, na afika mara mbili. Katika Paradise, iliyotoka mwaka huo huo wa 1994 na kutolewa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la babake, ajificha akiwatazama askari wa Mjerumani wakiwakamata watu kwa ajili ya vita. Wanapoondoka aiona kambi yao walipokuwa: waliyoacha hapo ni kinyesi chao, na mbwa waja kukila. Kisha, baada ya kuona hayo, Yusuf akimbilia lile jeshi. Wasomaji wengi wameuliza kwa nini. Wengine wasema ni kukata tamaa, wengine wasema ni kujidharau, na ushahidi waweza kupatikana kwa kila neno. Yafaa hata hivyo kukumbuka kwamba Gurnah hakumwonyesha Yusuf sare iking'aa. Amemwonyesha yaliyo chini ya sare, yaliyotoka katika tumbo la mtu aliyeivaa. Na kijana akaichagua akiwa anajua. Hakudanganywa na vifungo. Ndiyo maana mwisho ule huuma.

Katika Afterlives ya mwaka 2020 asimulia yaliyo ndani ya jeshi. Hamza ajiunga kwa hiari yake, afunzwa gwaride, avaa, kisha ateuliwa kuwa mtumishi wa afisa, amfanyie kahawa na kumtunzia vyumba, na afisa amfundisha Kijerumani. Hapa sare yageuka. Ile iliyokuwa alama ya kuogopwa na wanakijiji yawa vazi la boi. Wenzake wamwonea choyo na wamdhihaki. Naye hana pa kusimama, si askari kamili, si mtu wa nyumbani. Mwisho wa yote ni upanga wa sajini wa Kijerumani, sajini wa upande wake mwenyewe, wampasua nyonga. Vitabu vingine vyote vilivyotajwa hapa vyadhani kwamba adui wa askari yuko ng'ambo ya handaki. Gurnah peke yake amweka mahali alipokuwa mara nyingi, yaani nyuma ya mgongo wake, katika kaki hiyo hiyo.

Mtu aweza kujibu kwamba askari wenyewe walilipenda vazi lile, na kwamba ni kiburi cha wasomi kuwaambia wafu kuwa hawakupaswa kulipenda. Jibu hili lina nguvu. Michelle Moyd, katika utafiti wake juu ya askari wa Kijerumani uliochapishwa mwaka 2014, ameonyesha kwamba uaskari uliwapa watu mshahara, nyumba, wake, wafuasi, na zaidi ya yote heshima, na kwamba mtu aliyekuwa mdogo kwao aliweza kuwa mkubwa kwa njia hiyo. Yuko pia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeingia vitani akiwa mtoto, akahamia Berlin mwaka 1929, akafundisha Kiswahili huko na kuigiza katika filamu. Aliomba nishani ya askari wa vita, akanyimwa. Akaivaa hata hivyo, pamoja na sare, akapigwa picha. Alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Sachsenhausen. Alidhani kwamba vazi ni mkataba wa watu wawili. Hapana awezaye kumcheka mtu huyo, na ni wazi kwamba Gurnah alimfikiria alipomtunga Ilyas wa Afterlives.

Basi haifai kulidharau vazi. Linalofaa kuulizwa ni lini linapomwonyesha mtu na lini linapomficha, na juu ya swali hili ipo hadithi moja ambayo husimuliwa mno, hata imekuwa kama ngano. Ilienezwa na Charles Miller katika kitabu chake cha mwaka 1974. Yasemwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee mishahara yao iliyokawia tangu vita, na mtu wa benki akaja Mwanza kuilipa. Wakakusanyika wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Waliobaki hawakuwa na kitu. Ndipo yule mtu wa benki akapata wazo: akawapa ufagio, mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani washike silaha kama walivyofunzwa. Hakuna aliyekosea.

Kila anayeisimulia huifurahia, na kwa kweli yapendeza. Mwili wa mzee umeihifadhi amri kwa miaka karibu hamsini. Hana nguo, lakini mikono yake yamevaa sare. Hadithi hii itasimuliwa daima kwa sababu imetungwa vizuri mno, na labda ndiyo sababu ya kuitilia shaka kidogo. Lakini hata ikiwa kweli tupu, tazama ni nani asiyeweza kuingia ndani yake. Mpagazi aliyetoka Upare au Unyamwezi na kubeba mzigo wa ratili hamsini au sitini kwa miaka miwili, angeonyesha nini mbele ya meza ile? Hakuna aliyemfunza gwaride. Angepewa ufagio angefagia.

Na hesabu za wapagazi ni kubwa. Kwa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kwamba walitwaliwa watu wapatao milioni moja katika vita vyote, na waliokufa, wengi kwa kuhara na kwa njaa kuliko kwa risasi, ni makumi ya maelfu. Pande zote mbili ziliwachukua kila zilipopita, na njia ya Mei 1916 ilipita baina ya milima ya Upare na mto. Wapagazi wa Waingereza walipewa namba na kibati cha kuvaa. Hicho ndicho kilichokuwa sare yao. Vita vilipokwisha, mishahara ya waliokufa ambayo haikupata wa kuidai ikawa mzozo wa miaka mingi baina ya watawala wa makoloni na Wizara ya Fedha ya London, nayo London haikuitoa. Hapakuja mtu wa benki.

Yapasa sasa kuugeukia ushairi wa Kiswahili, kwa kuwa si haki kuwahukumu Waingereza na Wajerumani na kuwaacha wa nyumbani. Hemedi bin Abdallah wa Tanga aliwatungia utenzi wa vita Waswahili waliopambana na Wadachi mwaka 1888. Ulichapishwa mwaka 1955. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Maji Maji, ukachapishwa Berlin mwaka 1933, na tena Afrika ya Mashariki mwaka 1957. Shaaban Robert alitunga beti kama elfu tatu juu ya vita vya 1939 hata 1945, zikatoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Ni tenzi tatu za vita vitatu, na kati ya cha pili na cha tatu pana pengo la ukubwa wa vita vizima. Tena vita vile vilipita katika nchi ya washairi wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akawa mtoto wa miaka mitano Waingereza waliposhindwa Tanga Novemba 1914. Alikuja kuwa mtumishi wa forodha kwa miaka mingi, kazi ambayo nayo ni ya kulinda mpaka. Walakini alipotaka kuimba vita alivuka bahari, akaimba vya Hitler na Mussolini.

Sababu si ngumu kuiona. Utenzi wa vita, tangu zamani, hutaka pande mbili, moja ya haki na moja ya dhuluma, na mshairi asimame katika moja. Hemedi alikuwa na upande. Abdul Karim alikuwa na huzuni iliyokuwa kama upande. Shaaban aliupata upande katika neno uhuru. Lakini penye ngome ya Salaita, wakati mtu wa kaki huyu na mtu wa kaki yule wasemao lugha moja walipotazamana kwa ajili ya wafalme wawili waliokuwa binamu, mshairi angesimama wapi? Angempigia dua nani? Umbo la utenzi halikumpa nafasi. Pengo hili, kwa hiyo, si la uvivu wala la woga. Ni alama kwamba fasihi ilikutana na vita isivyoweza kuvigawa, ikanyamaza. Na kunyamaza huko kwa heshima kwazidi kuimba uongo.

Ila kunyamaza kwa miaka mia moja ni kurefu. Isaria Kimambo, mwanahistoria mkubwa wa Upare, alikifikisha kitabu chake cha mwaka 1969 kwenye mwaka 1900 tu, na katika kile cha 1991 shughuli yake kubwa ilikuwa uchumi na upinzani wa wakulima, kama ilivyompasa. Sarufi ya Chasu ilikwisha kuandikwa na Ernst Kotz mwaka 1909, miaka mitano kabla ya vita, na misheni ya kwanza ya watu wake ilikuwa papo hapo Mamba, penye Giti, tangu 1903. Maana yake ni kwamba walikuwako watu wa mlimani walioweza kuandika walipoyaona majeshi yakipita. Mwanafunzi atakayekwenda kutafuta katika masanduku ya familia na katika vitabu vya makanisa aweza kurudi na kitu kuliko yule anayekwenda tena London kuhesabu vifungo.

Nalo jina la wapagazi halikupotea kabisa, ingawa halikukaa vitabuni. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu walilisikia, wakalitamka kwa midomo yao, na sasa Nairobi wana Kariokor yao, na Dar es Salaam, mahali kilipopiga kambi, ni Kariakoo, penye soko kubwa kupita yote mjini. Kila siku watu hupita hapo na magunia kichwani.